Shemeji ameipa Arusha alama 54

*Da Mkubwa, shikamoo.*

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Tabata, Dar es Salaam. Mwakani natimiza miaka 60 na kustaafu. Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali, yeye alishastaafu miaka mitatu iliyopita. Tuna nyumba ya vyumba vitatu tuliyoijenga kidogo kidogo kwa mikopo ya SACCOS, na watoto wawili: mkubwa ni mtumishi Dodoma, mdogo yuko hapa hapa Dar na familia yake.*

*Tangu astaafu mume wangu ana kauntabuku. Ameandika humo miji minane na kila mji anaupa alama kumi kumi kwa mambo sita: hali ya hewa, hospitali, maji, bei ya kiwanja, usafiri na usalama. Taarifa ya habari anaisikiliza na kalamu mkononi. Arusha imepata 54 kati ya 60. Tanga, ambako ndiko kwetu (nimezaliwa Muheza), imepata 33 na kushika mkia, kisa joto. Nikamwambia Tanga kuna upepo wa bahari, barabara zake ni tambarare, mtu anafika sokoni kwa baiskeli au kwa miguu, mama mdogo yuko hai pale Muheza na bado ananiulizia, na msimu wa machungwa hatutanunua chungwa hata moja. Akanijibu machungwa hayamo kwenye vigezo.*

*Sasa anataka tuuze nyumba ya Tabata, tununue kiwanja Arusha, tujenge kwa mafao yangu. Dalali wamekutana naye kwenye simu. Anadai shilingi milioni mbili za kushikia kiwanja kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi nina presha na sukari, kila mwezi niko kliniki. Yeye moyo wake unaangaliwa kila baada ya miezi mitatu kwenye taasisi ya moyo pale Muhimbili. Sitaki ugomvi uzeeni, lakini Arusha sina hata mtu wa kuniazima chumvi. Nimekupigia picha ukurasa wenye alama. Mji upi hasa unawafaa watu kama sisi?*

*Mwalimu, Tabata*

Marahaba, mwalimu. Mfikishie shemeji salamu zangu. Nimempenda kabla sijamwona. Wastaafu wengi huhamia alikotangulia rafiki yao, au kwenye kiwanja walichouziwa kwa mkopo kazini miaka mingi nyuma na hawajawahi kukikanyaga. Yeye amekaa chini akafikiri. Basi tumsahihishie daftari lake kwa haki, maana lina kazi nzuri ndani yake, na lina makosa yanayoweza kuwagharimu nyumba.

Arusha kaipa kumi kwa hali ya hewa, na hapo sibishani. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na anayetoka Tabata mwezi wa pili akashuka pale usiku atadhani nje kumewashwa kiyoyozi. Kwenye maji kaipa tisa, na hapo nashika kalamu nyekundu. Ardhi ya ukanda ule wa volkano ina floraidi nyingi, ndiyo inayowapa watu wengi waliokulia huko meno ya kahawia. Miaka ya karibuni mradi mkubwa wa maji umesaidia sana mjini, lakini mjini siko mstaafu anakopata kiwanja. Anakipata pembezoni, na pembezoni maji mara nyingi ni ya kisima, na kisima cha ukanda ule hunywi kabla hakijapimwa. Meno yenu nyinyi yameshakomaa, hayatageuka rangi. Mkiletewa wajukuu wa kulea, hilo ni jambo lingine.

Hospitali nayo kaipa tisa. Nikakaa najiuliza tisa hizo zimetoka wapi, mpaka nikaona pembeni kaandika "KCMC". Shemeji, KCMC iko Moshi! Iko hapo tangu 1971, kilomita 80 hivi kutoka Arusha. Hizo ni alama za Moshi.

Kuhusu bei ya kiwanja kaipa nane, kwa kuamini alichoambiwa na dalali. Arusha ni mji wa watalii, wa mikutano, wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sasa wa uwanja wa mpira wa AFCON ya 2027. Bei za mji wa namna hiyo hupangwa na watu wenye mapato ambayo mwalimu mstaafu hana. Kama kiwanja ni cha bei ya kutupa, muulize dalali kiko umbali gani kutoka lami, na akisema "dakika tano" muulize dakika tano za chombo gani.

Miji ya katikati ya orodha nitaipitia haraka. Moshi ningeipigania kama mngekuwa na ndugu hata mmoja Kilimanjaro: hospitali kubwa mlangoni, mji msafi, unauzunguka asubuhi moja. Hamna ndugu huko. Mwanza ina hospitali ya Bugando, ina ziwa, ina samaki ambao sisi wa Dar tunawaona wakiwa wameganda, lakini ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kwa mtoto wenu wa mwisho. Mbeya chakula ni rahisi na hospitali ya rufaa ya kanda ipo. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar, na baridi yake si ya mtu aliyezeekea Tabata. Iringa mimi binafsi ningeishi kesho. Ila mji umekaa juu ya kilima, anayetoka Ipogolo kwenda mjini kazi yake ni kupanda tu, na Julai utalala chini ya mablanketi mawili. Magoti ya miaka 60 yatapanda. Ya miaka 75 tuulizane.

Dodoma inataka maneno zaidi kwa sababu ya mwanenu. Shemeji kaipa 41 na nadhani kaionea kwenye viwanja. Mji ule ulipangwa tangu 1973, serikali ilipoamua kuhamishia makao makuu huko, na ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu ilipima viwanja kwa miaka zaidi ya 40 mpaka ilipovunjwa 2017. Kiwanja kilichopimwa, chenye hati, ni rahisi kukipata Dodoma kuliko miji mingi. Kwenye maji, kinyume chake, kawa mkarimu. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili au karibu na hapo, na mji umetegemea kwa miaka mingi visima vya Mzakwe, ambavyo havikuchimbwa kwa watu wote waliomiminika tangu serikali ilipohamia kweli kuanzia 2016. Septemba na Oktoba kuna upepo na vumbi ambalo unalipangusa mezani asubuhi na jioni lipo. Lakini kubwa kuliko yote: usihamie mji kwa kumfuata mtoto ambaye ni mtumishi wa umma. Nyinyi mmeajiriwa na serikali, mnajua. Barua ya uhamisho huja siku yoyote. Atapelekwa Kigoma, na nyinyi mtabaki Dodoma na kiwanja chenye hati.

Sasa twende Tanga.

Mwalimu, juu ya Arusha umeniandikia malalamiko, juu ya Tanga umeniandikia upepo, barabara, baiskeli, mama mdogo na machungwa, halafu mwisho unaniuliza mji upi unawafaa, utafikiri hujui. Unajua. Ulichokosa ni kukisema mbele ya mwenye daftari. Alama za Tanga za shemeji zina tatizo moja la wazi: joto la Tanga ni lile lile la Dar es Salaam, ambalo mmeliishi miaka yote ya ajira yenu, haliwezi kuwa kosa la Tanga peke yake. Usafiri kaipa nne, na mimi ningeipa nane kwa mtu wa umri wenu, kwa sababu mji wenyewe ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani imehesabiwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, hata mgeni hapotei. Kwa mzee, usafiri wenye maana ni ule wa kutoka mlangoni kwake hadi dukani, hadi zahanati, hadi msikitini au kanisani, bila kumpigia mtu simu. Basi la kwenda mkoani atalipanda mara chache kwa mwaka. Maji nayo kaipa sita bila kueleza. Mamlaka ya maji ya Tanga ina sifa nzuri kwa muda mrefu, na mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani ili ipate fedha za kupanua huduma.

Lakini nitakuwa mwongo nikikuambia pandeni basi la Tanga wiki ijayo. Ugonjwa wako wewe unahamishika: presha na sukari zina kliniki katika kila hospitali ya wilaya, na Tanga mjini ipo Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Moyo wa shemeji hauhamishiki kirahisi hivyo. Daktari wake yuko Muhimbili, na kutoka Tanga ni kilomita 350 hivi za basi, kutwa nzima ya barabara kwenda na siku nyingine ya kurudi. Mara nne kwa mwaka si nyingi, mpaka usiku ule ambao si wa ratiba.

Ndiyo maana naileta Morogoro, ambayo shemeji kaiweka ya tatu na hata wewe hukuitaja. Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR inatoka Dar hadi Morogoro kwa saa mbili au chini yake, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Mgonjwa wa moyo anaweza kuondoka asubuhi, akaonwa Muhimbili, akamsalimia mjukuu, akalala kwake. Treni hiyo hiyo ukiipanda kuelekea upande wa pili unashuka Dodoma kwa mkubwa, kama hajahamishwa. Na wewe ukitaka kumwona mama mdogo, kuna mabasi ya kupitia Chalinze na Segera, unafika Muheza bila kuikanyaga Dar. Mji uko chini ya milima ya Uluguru, ndizi na mboga zinashuka kutoka milimani kila asubuhi. Na ni mji wa vyuo, Sokoine pale pale na Mzumbe jirani, kwa hiyo nyumba za kupanga zipo za kila aina.

Ubaya wake nao uandikwe. Mbu wapo. Novemba joto linabana kwa sababu upepo wa bahari haufiki. Maji ya bomba hutofautiana mtaa kwa mtaa, na atakayewaambia ukweli si mwenye nyumba, ni mwanamke mliyemkuta na ndoo: mwulizeni yanatoka siku gani. Na migogoro ya ardhi mkoani humo mnaisikia redioni, hasa mashambani, kwa hiyo shemeji asitamani ekari kumi za bei poa.

Nimesahihisha daftari, sasa nataka kusema kuhusu safu ya saba ambayo haimo. Naisema taratibu maana ni nzito, na ukitaka msomee shemeji mwenyewe, mkiwa wawili.

Yeye ni mkubwa kwako kwa umri, na ana ugonjwa wa moyo. Mungu awape maisha marefu nyote wawili. Lakini tunaoishi miongoni mwa wazee tunaona: mara nyingi anayebaki ni mwanamke, na anabaki katika mji ambao mwanamume alimchagulia. Nimeona wajane katika nyumba nzuri za miji yenye hewa nzuri, getini kumefungwa, wakisubiri simu ya mtoto. Hawakukosa hospitali wala maji. Walikosa mtu wa kugonga hodi. Kwa hiyo swali ambalo shemeji anapaswa kuliandika kwa kalamu yake mwenyewe ni hili: mimi nikitangulia, mke wangu ataishi na nani hapa? Kila mji upewe alama kwa swali hilo, na zisiwe kumi, ziwe ishirini. Arusha, kwa maelezo yako, itapata sifuri. Tabata itapata nyingi sana, na Tabata haimo hata kwenye orodha yake! Amelinganisha miji minane akasahau ule anaolala. Hapo mna majirani waliowaona mkimwaga zege, na mtoto wa mwisho yuko daladala mbili kutoka kwenu. Najua foleni, najua joto, najua kelele za baa za jirani. Bado iingizwe, ipewe alama zake kama wenzake.

Kwenye nyumba sasa, na hapa sina upole. Msiuze.

Mafao yako, hata baada ya kikokotoo cha mafao ya mkupuo kupandishwa mwaka 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa walimu na wenzao, si fedha ya kujengea nyumba ya pili ukabaki na ya kuishi. Sehemu kubwa ya chako itakuja kama pensheni ya kila mwezi, na huo mkupuo wa kwanza ndio akiba yenu pekee ya dharura. Nyumba ya Tabata ikipangishwa itakulipeni kila mwezi mkiwa popote, na kodi yake huenda ikatosha kupanga nyumba nzuri Morogoro au Tanga. Ikiuzwa, fedha itakwenda kwenye saruji na nondo, chini ya fundi mnayemsimamia kwa simu, na mkigundua baada ya mwaka kwamba mji haukuwapenda hamna pa kurudi.

Ujue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Na inataja kupangisha na kuweka rehani pia. Sikuambii umtishie nayo. Nakuambia ili ujue kwamba ukikaa kimya na kalamu ikaletwa mbele yako, saini yako ina uzito, na hakuna wa kukulazimisha kuiweka. Mtu anayejua hivyo huzungumza kwa sauti ya chini, na husikilizwa.

Nini mfanye? Wenye nyumba wetu wanapenda kodi ya miezi sita. Safari hii tabia hiyo itawafaa. Ukishastaafu, pangisheni Tabata, au mwachieni mwanenu mdogo aishi, na mpange Morogoro miezi sita. Chagueni miezi mibaya: ingieni Novemba joto likiwa limebana, mkae mpaka masika yamwagike Aprili. Julai karibu kila mji wa Tanzania hupendeza. Katika miezi hiyo shemeji aende kliniki yake kwa treni kama mkazi, asiende kama mgeni anayelala kwa mwanawe. Wewe tafuta kikundi, kwaya, jirani, na uone kama mwezi wa tatu kuna mtu anakuuliza ulikuwa wapi juzi. Katikati ya hapo mkakae Muheza kwa mama mdogo wiki tatu, nyote wawili, na daftari liende. Kama daktari ataruhusu moyo wa shemeji uangaliwe mara chache zaidi, Tanga irudi mezani, na safari hii na machungwa yake.

Ungeniuliza mimi ningependelea kitu gani, nitakuambia: Morogoro kwa miaka ambayo shemeji anahitaji treni, na mlango wa Tanga ubaki wazi kwa ajili yako. Lakini mimi si wa kuishi huko.

Jinsi ya kumwambia: usimpige vita kwa Arusha. Mtu aliyetumia miaka mitatu na kalamu akidharauliwa hushika alichoandika kwa mikono miwili. Mwombe kauntabuku, chora safu mbili mpya kwa rula, moja "watu", nyingine "kutembea kwa miguu", kisha mwombe aongeze mstari wa tisa wa Tabata na ujaze nawe. Umefundisha watoto wa darasa la pili kutoa kwa kukopa. Kumfundisha mstaafu safu mbili hutashindwa. Na machungwa yaingie kwenye bei ya maisha, kigezo ambacho nashangaa mtu wa hesabu alikiacha.

Kuhusu milioni mbili za dalali: zisitoke. Kiwanja hakishikiwi kwa simu. Kama shemeji bado anakitamani, apande basi, akione, aongee na mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote nne, achukue namba ya kiwanja, aende ofisi ya ardhi kuomba taarifa rasmi za mmiliki, na malipo, kama yatakuwepo, yafanyike kwa mkataba mbele ya wakili. Dalali akisema kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho na pesa taslimu, mwambieni amuuzie huyo.